Rael Aliyemtazama Asiye na Mpira

Ukimpeleka Rael kwenye mechi ya mpira wa kikapu, kitu cha kwanza atakachofanya ni kugeuza kiti. Watu wote wameelekeza pua kule mpira uliko, yeye anaangalia upande wa pili, ambako kijana mmoja amebaki nyuma akipandisha soksi. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani amekosana na mtu. Nikamwuliza, "Rael, kwani umenuna?" Akanijibu bila kugeuka, "Mama Chelsea, mpira una watu wa kutosha wa kuutazama. Huyu hana hata mmoja."

Naandika habari zake kwa sababu Wakenya wengi wa Doha walimjua alipokuwa tayari amevaa koti la timu lenye jina lake mgongoni, na kila mmoja ana hadithi yake ya jinsi alivyolipata. Mmoja anasema kocha alimpenda. Mwingine anasema alipitia kwa mganga, kana kwamba mganga anajua kikapu. Wote waongo, na yule wa kwanza namjua kwa jina, nimemhurumia tu. Mimi niliishi na Rael mtaa wa Najma, katika nyumba iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao za jipsam, tukipika jiko moja na kugombania kamba moja ya nguo. Kama kuna mtu anayejua, ni mimi.

Rael ni mtu wa Kitale. Alikuwa mrefu tangu darasa la nne, mrefu wa kuitwa kufuta ubao kule juu ambako mwalimu hafiki. Urefu huo ulimpeleka sekondari, kisha Nairobi, akachezea timu ya wanawake ya shirika moja la serikali miaka ya tisini. Mchana walimpa taipureta, jioni viatu. Goti lake liliharibika mapema, na si kwa kishindo cha ushujaa wowote. Alikanyaga chupa ya maji iliyoachwa pembeni mwa uwanja na mchezaji wa akiba. Hadi leo ukiacha chupa sakafuni mwa jiko utatukanwa mpaka uulize umekosea nini. Lakini nadhani hapo ndipo alipoanza kuangalia wale ambao hakuna anayewaangalia. Alijua ni wao wanaokuvunja.

Alikuja Qatar mwaka wa 2005, kazi ya kugawa taulo katika ukumbi wa mazoezi wa wanawake, kwenye klabu moja ya michezo kule Al Wakrah. Alizigawa taulo hizo miaka mingi bila kumwambia mtu kwamba aliwahi kucheza. Aliyemchokonoa ni Madam Rima, mke wa Kocha Ghassan, Mlebanoni aliyefundisha timu ya wanaume ya klabu hiyohiyo. Madam Rima alikuwa akitembea kwenye mashine na kupiga domo, akamwuliza Rael urefu wote huo ni wa nini. Rael akamwambia. Jioni hiyo habari ikafika mezani kwa kocha pamoja na chakula.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa mwaka huo wa 2012. Kulikuwa na ligi ya kulipwa ya timu sita. Ligi yenyewe iliishi misimu michache ikafa, lakini wakati huo ilikuwa na mabango hadi kwenye vituo vya mafuta. Kila mwaka, kabla ya msimu, timu zote zilikutana hotelini na kuchagua kwa zamu vijana waliokuwa wanamaliza vyuo vya hapo Doha. Kila timu kijana mmoja. Timu iliyoshika mkia ilichagua kwanza, bingwa akachagua mwisho. Timu ya Kocha Ghassan ilikuwa imeshika nafasi ya pili, kwa hiyo zamu yake ilikuwa ya tano. Kufika hapo wale wanaoruka mpaka wanagusa feni wameshaenda. Unabaki kuchagua katika makombo.

"Makombo ndiyo ninayotaka uniangalilie," kocha alimwambia Rael. Walizungumza kwa Kiingereza, na Rael alinisimulia neno kwa neno tukimenya viazi. "Wasaidizi wangu wote wanaangalia mastaa. Wewe uko huru Ijumaa. Nenda kwenye mechi za vyuo, uniletee jina. Moja. Ukiniletea matatu utakuwa umenirudishia kazi yangu mwenyewe."

"Na nikikuletea moja zuri?"

Kocha akakuna kitambi. Wote wawili walijua kinachokuja. Ukumbi wa wanawake ungefungwa Desemba kwa ukarabati, na wagawa taulo walikuwa wameshaambiwa wafungashe. "Ukiniletea zuri," akasema, "nitakuomba uje kwangu. Likiwa baya, Madam Rael, safari njema. Mimi nitakuwa nimekula hasara ya msimu mzima, siwezi kukutetea."

Basi ndiyo hiyo. Jina moja, au Kitale.

Nilimfuata Ijumaa ya kwanza kwa sababu mbili. Hakutaka kukaa peke yake, na mimi nilitaka sana kujua. Mimi ni mpishi wa shule ya chekechea. Nikionja supu najua kilichopungua, lakini supu iko mdomoni mwangu. Mtu anayekimbia huko mbali, unamwonjaje?

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Umm Salal, na ukumbi wake una baridi ya kuhifadhia samaki. Wanawake na watoto tunakaa juu, sehemu ya familia, nyuma ya kioo kinene. Kuona unaona vizuri. Kusikia, husikii kitu. Wachezaji wanafungua midomo kama samaki haohao. Nilikuwa na chupa yangu ya chai na mandazi kwenye mfuko, na kulikuwa na mama wa Kimisri kando yetu mwenye chupa kubwa kuliko yangu, tukatazamana kama wapinzani.

Wote pale walikuja kumwona kijana anaitwa Trevor. Aliruka, nikaruka. "Huyo! Huyo!" nikampiga Rael begani.

"Huyo ameshachukuliwa," Rael akasema. "Timu ya kwanza itamchukua. Hata mtoto wa huyu mama anajua. Kunywa chai."

"Sasa wewe unaangalia nani?"

"Naangalia midomo."

Nikadhani ni mzaha. Akanieleza, na ninamsifu kwa kuwa alinieleza kwa lugha yangu. "Mama Chelsea, ukiwa jikoni na sufuria ya moto mkononi, na mwenzako amekupa mgongo, unafanya nini?"

"Napiga kelele. Moto nyuma yako!"

"Haya. Kwa kikapu, wewe unamkimbiza mtu mwenye mpira, macho yako yote kwake. Mwenzake anakuja kimyakimya anasimama nyuma yako kama mlingoti wa stima, ili ukigeuka ujigonge. Nani atakuambia? Ni mwenzako aliye nyuma. Atapiga kelele, mlingoti kulia! mlingoti kushoto! Asiposema, unavunjika meno. Kuruka ni zawadi ya mtu binafsi. Mdomo ni wa timu."

Tangu hapo nikawa naangalia midomo. Ilikuwa raha. Utajua mwenye maneno na mwenye kelele tu. Kuna mmoja alikuwa anafungua mdomo muda wote, nikamsifu, Rael akasema, "Huyo anajisifu mwenyewe. Mwangalie, hata mpira ukiwa umetoka anaongea."

Aliyemvutia ni namba kumi na nne. Mwembamba, kimo cha kawaida, masikio makubwa, anaitwa Harun. Wenzake wakirusha mpira wanasimama wautazame kama utaingia, yeye ameshageuka anakimbia kurudi nyuma kulinda. Akitolewa nje anaokota chupa sakafuni na kuzipanga chini ya benchi. Nilimwona Rael anavyomtazama akiokota zile chupa, nikajua goti limesema ndiyo.

Lakini baadaye akaegemea nyuma na kukunja mikono. "Hapana. Bubu huyo. Mechi nzima sijaona mdomo wake ukifunguka. Simtaki."

"Labda ana haya."

"Haya akaoneshe kwa wakwe."

Nikafunga chupa yangu ya chai. Ila kitu kilinisumbua, na nilikitoa tukiwa kwenye basi la kurudi. Kulikuwa na kijana mkubwa anaitwa Japheth katika timu ya Harun, gogo la mtu, mzito, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemcheka alivyokimbia kama anabeba friji. "Rael, lile gogo mbona halijigongi? Linakimbia kichwa chini, halina mtu wa kuliambia, na kila mlingoti ukija linapita pembeni. Nani analiambia?"

"Bahati," akasema Rael.

Lakini swali lilimwingia. Kesho yake nilimkuta jikoni anakoroga uji ambao haujawekwa unga.

Ijumaa ya pili alinivuta mapema tukapate viti vya mbele. Hakumwangalia Harun hata kidogo. Aliwaangalia wenzake. Harun akiwa ndani, Japheth na wenzake wanapinda, wanapita, wanateleza, hakuna anayejigonga. Harun akitolewa apumzike, pu! Japheth huyo chini. Pu! mwingine. Kocha wao anamrudisha Harun, na wanaanza kupita tena kama maji. Na mdomo wa Harun umefungwa kama duka wakati wa swala.

"Anawaambia," Rael akanong'ona. "Anawaambia kwa kitu gani? Mikono haitumii. Macho hawamwangalii." Akaweka sikio kwenye kioo. Mama wa Kimisri akasogeza watoto wake. Nikamwambia Rael kioo si ukuta wa jirani wa Najma, hakitakupa kitu. Akainuka, akashuka ngazi.

Chini ya ngazi kulikuwa na mlango wa kuingia uwanjani, na mlinzi Mkenya, Mwaura, mtu wa Nyeri mwenye masharubu ya kupendeza.

"Dada, unapotea. Wamama ni juu."

"Boss wangu, nataka kusikiliza tu."

"Kusikiliza nini? Hii ni mpira, si kwaya."

"Mwaura," nikaingilia, maana jina lilikuwa limeandikwa kifuani mwake, "umekula?"

Hajakula. Walinzi hawajawahi kuwa wamekula. Nikampa mandazi mawili na chai, akayatazama, akatazama ngazi, akatazama mlango. "Mimi sijafungua mlango," akasema. "Mguu wangu tu ndio umechoka, nauegemeza hapa." Akasukuma kiatu chake kwenye mlango, ukabaki wazi upana wa kiganja.

Rael akakaa kwenye ngazi ya chini, akafumba macho. Haoni kitu, anasikia tu. Mimi nikarudi juu kwenye kioo, naona kila kitu, sisikii. Mtu angetupiga picha angesema wanawake hawa wamekunywa nini. Kila Japheth alipopinda, niligonga kioo kwa pete, Rael asikie kule chini. Nilipogonga mara ya tano au ya sita, nikasikia Rael anacheka huko chini, kicheko kikubwa, mpaka Mwaura anasema, "Dada, utanifukuzisha."

Alikuwa anakanyaga. Harun alikuwa anapiga sakafu kwa kiatu. Kishindo kimoja, mlingoti uko kulia. Viwili, kushoto. Kisigino kikiburutwa, rudi nyuma. Sakafu ya mbao, ukumbi nusu tupu, wenzake waliisikia miguuni kabla ya masikioni. Sisi tuliofungiwa nyuma ya kioo tungekaa hapo mpaka tuzeeke tukisema ni bubu.

"Mimi nilimwita bubu," Rael akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kumbe kiziwi ni mimi."

Mechi ilipokwisha tungeweza kwenda zetu. Mtu wa nchi nyingine angekwenda. Angekuwa ameshapata jina lake, angelifunga kwenye leso aondoke. Lakini utamchunguza vipi mtoto wa watu, Mkenya mwenzako, halafu upite mbele ya baba yake huko nje kama humjui? Baba Harun alikuwa dereva, anamngoja mwanawe kwenye maegesho kando ya gari la kampuni. Rael akaenda akamsalimia. Salamu zikazaa salamu. Unatoka wapi, Kisauni, mimi Kitale, ah, nilipeleka lori Kitale, mvua ya huko, mahindi ya huko. Mara Baba Harun amefungua buti, ametoa chupa yake ya chai na vikombe vya kioo, na Harun amekuja na Japheth nyuma yake, na sote tunakunywa chai juu ya buti la gari mchana kweupe kana kwamba tunaposa.

Rael akamwuliza kijana mwenyewe kwa nini anakanyaga.

Harun akatabasamu. Akavuta pumzi. "Ni-nikianza kusema ku-ku-kulia," akasema, "mtu ashajigonga, ameamka, ame-meenda hospitali."

Tulicheka, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

"Huyu," baba yake akasema, "alianza akiwa mdogo mezani. Akitaka chumvi anakanyaga. Mama yake akampa jina la punda. Tukazoea. Ukimwacha atulie anasema vizuri kabisa, lakini nani anamngoja? Wamekuja watu wa timu kumhoji, wakamwuliza jina lake. Kabla hajamaliza kulitaja washaanza kuangalia simu. Wanamwambia asante sana."

"Manze, mimi ndio simu yake," Japheth akasema. "Darasani akitaka kuuliza swali anakanyaga, mimi nauliza."

"Na u-unauliza vibaya."

"Nauliza vibaya lakini nauliza!"

Nilimimina chai nyingine. Hapo ndipo nilipomwona mwanamume wa kofia nyeupe. Alikuwa anaegemea gari lake mbali kidogo, anapiga simu. Nilikuwa nimemwona pia ndani, chini, viti vya mbele. Nikamwuliza Rael ni nani.

Rael akaangalia, na kikombe kikasimama njiani. "Ni wa timu ya Umm Salal," akasema. "Ndiye anayewatafutia wachezaji." Umm Salal walikuwa na zamu ya nne. Mbele yetu moja kwa moja.

"Hajui unachoangalia."

"Hana haja ya kujua. Ameona ninayekunywa naye chai."

Baba Harun akamwongezea sukari.

Alimpelekea kocha jina lile Jumapili. Kocha Ghassan akamwuliza swali moja tu, kijana anaongea?

"Kwa miguu," Rael akasema.

Kocha akavuta kiti karibu. Halafu akamwambia amweleze, naye akaeleza mpaka kocha akavua kiatu kujaribu kwenye sakafu ya ofisi. "Yalla," akasema. "Huyo ndiye." Hakuangalia kanda. Hakuuliza mtu mwingine. Rael alirudi Najma akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kuaminiwa namna hiyo kulimtia hofu kuliko kutoaminiwa.

Siku ya uteuzi ilikuwa Juni, hoteli ya ghorofa nyingi, na Rael aliniingiza kama msaidizi wake. Msaidizi wa nini hakuna aliyeuliza, nilikuwa nimevaa vizuri. Vijana walikaa safu za mbele upande mmoja, timu upande mwingine, jukwaa katikati lenye maua ya plastiki. Timu ya kwanza ikamchukua Trevor, kama mtoto wa mama wa Kimisri alivyojua. Ya pili ikachukua mrefu. Ya tatu ikachukua mrefu zaidi.

Ya nne, yule wa kofia nyeupe akasimama. Leo hakuvaa kofia, ana kipara. Akataja jina.

"Harun."

Nilimshika Rael mkono, ulikuwa wa baridi kama ule ukumbi. Kocha Ghassan hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliinama kwake taratibu, akasema, "Madam Rael. Nilikuomba jina moja. Liko wapi jina langu?"

"Nilikuwa nalo."

"Nina dakika chache. Nipe lingine."

Rael hakuwa na lingine. Alikuwa ameagizwa moja, akatafuta moja, kwa moyo wote. Mimi nilikuwa namwombea Mungu wangu aongee, ataje yeyote, hata yule mwenye kelele. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama Harun, ambaye ilibidi atoke katikati ya safu yake kwenda jukwaani. Kamera kwake, makofi kwake. Na Rael, katikati ya shida zake zote, alifanya anachofanya siku zote. Aliangalia pembeni.

Harun alikuwa amefika mwisho wa safu, ambapo Japheth amekaa na magoti yake yale yameziba njia, anaandika kitu kwenye simu, kichwa chini. Hakumgusa. Hakusema samahani. Alikanyaga mara moja kwenye zulia. Kwenye zulia, jamani, zulia la hoteli linalomeza hata kishindo cha ngamia! Na Japheth, bila kuinua macho kwenye simu, akayasukuma magoti kushoto. Harun akapita.

"Japheth," Rael akasema.

"Nani?"

"Yule mkubwa. Mwenye simu."

Kocha akamtazama yule gogo. "Huyo? Huyo anakimbia kama..."

"Kama amebeba friji, najua. Kocha, yule alikuwa mdomo. Huyu ni sikio. Mchukue."

"Umewahi kumtazama?"

Rael angeweza kudanganya. "Mama Chelsea alimtazama," akasema. "Mimi nimemtazama sasa hivi."

Kocha akanigeukia mimi, mpishi wa chekechea niliyevaa gauni la harusi ya binamu. Nilikubali kwa kichwa kwa nguvu zote. Nilikuwa nakubali nini, sijui. Zamu ya tano ikaitwa. Kocha Ghassan akasimama, akasema kitu kwa Kiarabu ambacho hakikuwa sala, kisha akataja Japheth, na watu wakaangaliana. Japheth mwenyewe ilibidi apigwe kiwiko. Alikuwa hajajua kama ametajwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Japheth alikaa benchi. Kocha alikuwa anampita Rael kwenye korido na kusema "Habari ya asubuhi" kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Novemba wagawa taulo wawili wakaondoka mapema. Rael akaanza kununua zawadi za kupeleka Kitale, sufuria, mablanketi. Nikamwambia aache kunijazia korido.

Mwisho wa Novemba tukacheza na Umm Salal, kule kwetu Wakrah. Kocha alikuwa amempa Rael ruhusa ya kiti nyuma ya benchi, na mimi kando yake, chini kabisa, hakuna kioo. Harun alikuwa anaanza mechi sasa, amekuwa mtu. Alikuwa amewafundisha wenzake wapya lugha yake, na walikuwa wametupiga robo mbili kwa lugha hiyo. Kishindo kimoja, wanapita. Viwili, wanapita. Yule wa kofia nyeupe amekaa mbele, kofia imeinuliwa, anatabasamu kama bwana harusi.

Robo ya tatu mchezaji wetu mkubwa akaumia kifundo, na kocha hakuwa na mwingine. Japheth akaingia na friji lake.

Mara ya kwanza sikuelewa nilichoona. Wetu alikuwa na mpira, Japheth anakwenda kusimama awe mlingoti upande wa kulia. Harun akakanyaga mara moja, kuwaonya wake. Japheth akasikia. Akahamia kushoto. Mlinzi wa Umm Salal akaukwepa upande wa kulia ambako hakuna kitu, akajigonga kwa Japheth upande wa kushoto, na wetu akapita kufunga bure. Tena. Vishindo viwili, Japheth kulia. Pu! Tena. Kila Harun alipowaambia wake, alimwambia na huyu pia, mapema zaidi, maana miguu ya Japheth ilikuwa imeyasikia maneno hayo miaka minne.

Wachezaji wa Umm Salal wakaanza kumtazama Harun kama aliyewauza. Harun akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Akaelewa. Akafungua mdomo, na safari hii nilimsikia, sote tulimsikia.

"Ja-Ja-Japheth! Mwi-mwizi wewe!"

"Ongea na miguu, buda!" Japheth akamjibu, na wote wawili wakaanza kucheka, kila mmoja na jezi yake, mpaka refa akawapigia filimbi.

Tulishinda, si kwa mengi. Kocha Ghassan alikuja mpaka kiti cha Rael jasho likimtiririka, akamwuliza, "Kwa nini kiti chako kimegeuka?"

Ni kweli. Hata siku hiyo, alikuwa amekaa ubavu, anaangalia benchi la wenzetu.

Desemba ukumbi wa wanawake ukafungwa. Wenzake wakaenda, yeye akabaki, na lile koti ambalo watu wanalipigia domo. Sufuria za Kitale tukapikia sisi. Kazi yake akaifanya misimu yote iliyobaki mpaka ligi ikafa, na hajawahi tena kunywa chai hadharani na kijana anayemtaka. Anayemtaka hata hamsalimii. Hutafuta kwanza kijana mwenye kelele nyingi na viatu vya bei, wazazi wake wawepo, gari liwepo, kisha ananiambia, "Mama Chelsea, toa chupa." Namimina, nacheka kwa sauti, tunamshika mtoto mabega. Na yule wa kofia nyeupe yuko pale, anapiga simu.

Misimu miwili mfululizo, zamu yake ikifika, bwana kofia alichagua kijana wa chai.